Safari ya Kwanza ya Mguu

9 Februari

Kaka yangu,

Mzima wewe? Wifi je, na mama? Sisi huku tumeamka vizuri, ukiacha mpwa wako aliyeng'oka jino la mbele kwa kung'ata penseli darasani. Alirudi nalo mfukoni akitaka limfikie mjomba wake. Nimemwambia jino haliendi posta, amenuna tangu jana. Shemeji yako amepaka rangi chumba cha watoto, na viatu vyake, na nusu ya mlango ambao hakuna aliyemwagiza aupake. Mwambie mama kikohozi changu kimekwisha na dawa aliyonielekeza niliinywa yote, namshukuru sana.

Ukifika hapa ukimsomea, mwambie barua imekwisha. Karatasi ya pili ni yako peke yako.

Kwanza, dawa ya mama sikuinywa, ni chungu kupita maelezo. Pili, kaka, kaa chini. Kama umeshakaa, shika meza.

Amekuja. Yule dereva wa lori.

Jumatatu asubuhi nilikuwa nasugua kikombe cha mguu wa bandia wa mwalimu mmoja, ile sehemu inayokikumbatia kigutu, nikasikia mikongojo mlangoni. Sikuinua kichwa, maana kwenye karakana yetu mikongojo ndiyo hodi. Nilipoinua, nikaona shingo ile ndefu na kovu lile juu ya jicho ambalo nililitazama siku nzima mahakamani. Suruali yake imekunjwa na kubanwa kwa pini chini ya goti la kushoto. Kushoto, kaka, kama wewe. Kadi ya hospitali inasema sukari, kidonda cha kidoleni ambacho hakikupona mpaka wakakata.

Huyu ndiye aliyeapa mbele ya hakimu, amesimama wima, akasema ulikuwa umelewa na ukayumba mpaka mbele ya lori lake. Wewe ambaye hata keki yenye harufu ya mvinyo unaiachia wenzako. Wewe uliyekuwa unatoka kuezeka paa la watu, begi la nyundo mgongoni, unatembea pembeni kabisa ya barabara. Hakimu akamwamini, kwa sababu mwenye lori naye alileta watu wake wakaapa vile vile. Halafu baraza la wazee wa kanisa lako likayaokota maneno ya mahakamani, likakuvua uzee wa kanisa kwa ulevi, ukahamia benchi la nyuma na mguu niliokutengenezea mimi mwenyewe.

Hakunitambua. Alinisalimia kwa adabu na kunyoosha kadi.

Jumapili nilikwenda kanisani. Ndiyo, mimi. Tangu hukumu ile nilikuwa naenda kwa vile tu shemeji yako hunitazama, lakini safari hii nilimtangulia mlangoni. Niliimba mpaka aliyekaa mbele yangu akageuka. Nilimwambia Mungu asante, sasa nimekuona, kumbe hukusinzia. Kaka, nina furaha mpaka usingizi umenikimbia.

Nimemchukua vipimo kwa sababu mkuu wa karakana alikuwa amesimama nyuma yangu. Ila swali langu sikumuuliza. Unaijua desturi yangu: kabla sijagusa plasta, namuuliza mteja safari ya kwanza ya mguu itakuwa ya wapi. Si udaku. Mguu wa kwenda shambani si mguu wa kupanda ghorofa, kisigino hupangwa kulingana na njia. Wewe ulinijibu, "Juu ya paa," nikalia, kisha nikakutengenezea mguu wa ngazi. Huyu sikumuuliza. Sitaki kujua anakwenda wapi. Kwa upande wangu, asiende popote.

Mdogo wako,
Fundi


27 Februari

Fundi wangu,

Salamu nyingi. Mama anakusalimu na anauliza kwa nini bahasha ilikuwa nzito kuliko barua niliyomsomea. Nimemwambia posta siku hizi wanatumia gundi nyingi. Ameniangalia tu. Wifi yako amefungua darasa la kushona sebuleni, na nyumba imejaa wasichana, vitambaa na sindano. Juzi nilikalia sindano. Kwa bahati mbaya nilikalia kwa upande ulio hai.

Mimi bado niko uwanja wa mbao. Napima na kukata kenchi za paa chini, wengine wanazipandisha. Wiki iliyopita nilipanda ngazi mpaka usawa wa ukuta, nikaona mji wote. Wifi yako alisimama chini akinikodolea macho kama polisi, nikashuka. Mguu hauna tatizo.

Mwambie mpwa wangu jino alihifadhi, nitalikagua mwenyewe nikija.

Sasa karatasi ya pili. Nimeisoma yako mara nyingi. Utengeneze mguu huo.

Najua umeshaanza kunijibu kwa sauti hapo ulipo. Ngoja kwanza. Unasema Mungu amemkata mguu kwa haki. Basi niambie, wangu aliukata kwa kosa gani? Kama mguu uliokatwa ni hukumu, basi hakimu hakukosea, baraza la wazee halikukosea, na mimi ni mlevi niliyejificha vizuri. Huwezi kumpa Mungu msumeno kwenye mguu wake halafu umnyang'anye kwenye mguu wangu. Nimelala hospitali nikiwaza jambo hili kuliko unavyodhani. Mungu ninayemngoja si yule wa kugawa vidonda. Namngoja anayejua kilichotokea barabarani siku ile, na ambaye hajakisahau.

Kuna mengine siwezi kuyaandika. Nakuomba jambo moja dogo tu: muulize swali lako.

Kaka yako,
Mguu Mmoja na Nusu


15 Machi

Kaka,

Hamjambo? Huku mvua imetuletea tope mpaka kwenye veranda, na mpwa wako ameota jino jipya, kubwa kuliko kinywa chenyewe. Shemeji yako ameumaliza ule mlango. Sasa nyumba nzima ni ya kijani isipokuwa mimi. Mama apumzike, asibebe maji, nasikia anabeba ukiwa kazini.

Karatasi ya pili, na hii uisome ukiwa nje ya nyumba.

Sijamuuliza na sitamuuliza. Ila sikia ninavyofanya, utacheka hata kama hutaki. Anakuja kila wiki kwa basi, siku ya wateja wapya, anakaa kwenye benchi karibu na bomba la maji. Mara ya kwanza nilimwambia plasta haijakauka. Haijakauka, kaka, na jua lile! Mara ya pili nikamwambia tunasubiri vyuma. Mara ya tatu nikaweka mbele yake mama mmoja na mtoto wake, na bibi muuza vitenge, na mwendesha pikipiki aliyefika baada yake kabisa. Yeye anaitikia, "Sawa, Fundi," anachukua mikongojo yake, anaondoka. Halalamiki, na hilo ndilo linaloniudhi. Ningependa alalamike kidogo ili nimjibu.

Halafu Ijumaa umbo la plasta la kigutu chake lilianguka kutoka kwenye rafu likavunjika vipande. Sikulisukuma. Sikulidaka pia.

Kwa hiyo tunaanza upya. Mkuu wa karakana ameniuliza mbona kazi hii inasuasua, nikamwambia kuna watu wana vigutu vigumu. Usinihubirie. Wewe ulisubiri haki miaka mitatu ukiwa umekaa nyuma, yeye akisubiri miezi mitatu kwenye benchi langu atakufa? Mimi naona ni mkono wa Mungu, na kwa sasa mkono huo umeshika plasta. Sijawahi kwenda kazini na hamu kama hii.

Mdogo wako,
Fundi


12 Aprili

Kaka,

Mbona kimya? Mama hajambo? Simu ya wifi ilikatika katikati, nikasikia tu "ameketi na karatasi" halafu basi. Kama nimekukera, sema. Huku wote wazima. Mpwa wako amechora picha yako juu ya paa, una miguu minne, nadhani miwili ni ya ngazi. Naiambatanisha.

Yule bado anakuja.

Fundi


25 Aprili

Fundi,

Picha imebandikwa ukutani. Mama anasema mimi ni yule mwenye kichwa kikubwa. Hajambo, na maji habebi tena, nimeuficha mtungi. Wifi yako wasichana wake wameshona gauni la kwanza, lina mikono miwili ya upande mmoja, lakini furaha yao ni kama ya harusi.

Nilichelewa kwa sababu nilikuwa naandika na kuchana. Ulisema niseme kama nimekereka. Nimekereka. Nilipofika pale pa "sikulidaka pia" niliweka karatasi chini nikatoka nje ya geti.

Sikiliza, kwa kuwa sijawahi kukueleza. Benchi la nyuma kanisani liko karibu na mlango. Wageni wakichelewa wanakaa hapo, na akina mama wenye watoto wanaolia. Wakati wa meza ya Bwana, wazee wenzangu wa zamani wanapita na sahani, wakifika kwangu macho yao yanahamia dirishani. Mwanzoni nilikuwa nasali Mungu awavunje meno. Ndiyo, mimi huyu. Nilisali hivyo kwa jina la kila mmoja, na jina la dereva lilikuwa la kwanza. Nilikuwa natoka pale kinywa kikavu, nimechoka kama niliyebeba mbao.

Siku moja nikaishiwa. Nikamwambia tu, "Bwana, ulikuwepo barabarani. Sina la kuongeza." Tangu hapo hiyo ndiyo sala yangu, sijaongeza neno. Sikupata jibu. Jina langu lilibaki pale pale chini. Ila niliweza kukaa kwenye benchi lile nikaimba, na siku nyingine nikaimba kwa furaha kabisa, mtoto wa watu akinivuta suruali aone mguu wa bandia ulipoanzia. Sielewi Mungu anavyofanya kesi zake. Najua tu kwamba shahidi wake hawezi kununuliwa, na hakimu ni yeye yule.

Wewe kesi yangu umeichukua mikononi, Fundi. Na sina nguvu ya kukunyang'anya kutoka huku niliko. Tengeneza mguu. Nakuomba, si kwa ajili yake. Na kama bado unanihesabu kuwa kaka yako, muulize safari yake ya kwanza.

Kaka yako


11 Mei

Kaka! Kaka yangu!

Salamu baadaye, wote wazima, jino zima, mlango wa kijani, mbusu mama. Karatasi ya kwanza leo haipo, mwambie posta wameipoteza.

Nimemuuliza.

Barua yako niliisoma kazini, nimejificha kwenye stoo ya miguu. Nililia mpaka vumbi la plasta likanigandia usoni. Nikatoka hivyo hivyo, nikamkuta kwenye benchi lake karibu na bomba. Nikamwambia aingie. Nilikuwa bado na hasira, nisikudanganye, nilimuuliza kama anayemuuliza mtu kwa nini amekanyaga maua.

"Safari ya kwanza ya mguu huu ni wapi?"

Aliweka mikongojo sakafuni polepole, kama mtu aliyefika.

"Kanisani kwa kaka yako," akasema. "Mbele, pale wanapopanda kuhubiri. Aliniambia kuna ngazi."

Kaka, niliikalia ndoo ya plasta. Ilikuwa na plasta.

Kumbe ananijua! Alinijua tangu mlangoni, tangu ile Jumatatu! Akanieleza yote, na mimi nimekaa ndani ya ndoo sijui nitokeje. Kwamba alikuja kwako kabla ya mwaka jana kuisha, kwa mikongojo, akakuambia ukweli: alikuwa amesinzia kwenye usukani, lori likahama njia, na mwenye lori akampangia la kusema ili asifukuzwe. Kwamba ulimsikiliza mpaka mwisho, ukaenda kumletea maji ya kunywa, ukarudi na kumwambia umemsamehe, lakini jina lako halikuharibiwa sebuleni kwako, lilipoharibiwa ndipo litakapotengenezwa. Na yeye akakubali, akasema ila hatakwenda mbele ya watu akining'inia kwenye fimbo.

"Uongo niliusema nimesimama," akaniambia. "Ukweli nao nataka kuusema nimesimama."

Ndipo ukamwambia una mdogo wako, fundi. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia siku zote hizi, mimi namzungusha kama kiti cha kinyozi. Akasema, "Alinikataza mpaka uniulize. Akasema utaniuliza tu, huwa unamuuliza kila mtu."

Umeona ulichonifanyia? Nimeikalia haki yako mwenyewe tangu Februari, nikiiita plasta mbichi! Nilimshukuru Mungu kwa kunikabidhi mtu huyu, na alikuwa amenikabidhi kweli, ila mimi nilimweka kwenye benchi. Nakuchukia kidogo na nakupenda sana. Kwa nini hukuniambia? Nijibu hilo, usipite pembeni.

Umbo jipya nililimimina siku ile ile. Lilikauka kesho yake asubuhi, kama kawaida. Sasa chukua tepu yako, nenda kanisani, nipimie ngazi zile: kimo, upana, na kama kuna cha kushika. Pima kama unapima kenchi. Nataka kuzijenga hapa karakanani.

Mdogo wako mwenye plasta mpaka kiunoni,
Fundi


30 Mei

Fundi wangu,

Mama ameniambia waziwazi kwamba posta haipotezi karatasi moja ikaacha nyingine. Nadhani siku zetu za kumficha zimekaribia kwisha. Wifi yako anakupa pole ya sketi.

Vipimo viko nyuma ya karatasi hii. Ngazi ni tatu, ya juu ni fupi kuliko nyingine, fundi aliyeijenga alikuwa na haraka ya kwenda kula. Cha kushika hakuna. Nilizipima Jumamosi, kanisa tupu, mfagiaji akaniuliza kama nimekuja kuvunja. Kupanda sikupanda. Niliinama nikapima nikiwa chini. Tangu wanivue sijaweka mguu pale, wala wa nyama wala wako.

Kwa nini sikukuambia. Kwanza, niliogopa atakimbia. Mtu anaweza kutubu sebuleni kwangu akiwa na maumivu, halafu akapata mguu akaondoka nao. Wewe uliumia na hukumu ile kuliko mimi, sikutaka ujenge tumaini jipya nikakuona linakuangukia. Pili, ungejua, ungeutengeneza mguu wake kwa ajili ya jina langu. Ungekuwa mguu mzuri, sina shaka. Lakini nyongo ingebaki kwako pale pale, na kila mikongojo ikigonga mlangoni ungeinua kichwa na hasira. Nilitaka umtazame kwanza kama mtu anayetaka kwenda mahali. Huenda nilikosea. Nilipokuwa nachana zile karatasi za Aprili niliona kabisa nimekosea.

Mchungaji nimemwambia kuna mtu anataka kusema neno Jumapili ya mwisho ya Juni. Hakuniuliza nani, na mimi sikumtajia. Moyo wangu hautulii, nakata mbao fupi, leo nimeharibu mbili. Je, atakuja?

Kaka yako,
Mguu Mmoja na Nusu


19 Juni

Kaka,

Wazima wote. Mpwa wako amenisaidia kupaka rangi ngazi za karakana, kijani, unajua ilikotoka rangi.

Mguu ulitoka wiki iliyopita. Sijawahi kufanya kazi kwa furaha namna hii. Nimeung'arisha hadi mkuu wa karakana akaniuliza kama unakwenda kwenye maonyesho. Nikamwambia unakwenda kanisani.

Nilimsimamisha kati ya vyuma viwili vya kujishikilia nikamwambia afumbe macho na kuachia mikono. Nafanya hivyo kwa wote: mguu ukiwa na kasoro, mtu asipoona anayumba. Alifumba papo hapo. Kaka, alijua mimi ni nani, na nimemfanyia nini tangu Februari, na bado aliachia vyuma. Hakuyumba. Nikamwacha amefumba, nikamtazama usoni kwa muda, na mahakama sikuiona tena. Nilimwona mtu amechoka, ana jasho kwenye kovu. Sijui kama nimemsamehe. Labda nimeanza. Ila mguu ni mzuri kuliko wako, usione wivu.

Ngazi amezipanda siku nne mfululizo. Mguu mzima kwanza, bandia inafuata. Akifika juu namwambia sema, anasema sentensi yake, mimi napiga makofi, wateja wa benchi wanapiga makofi bila kujua ni ya nini, kisha namshika mkono namteremsha chini haraka apande tena. Yuko tayari, kaka.

Nilitaka kuja. Yeye mwenyewe ameniomba nisije, anasema nikimkazia macho atasahau maneno. Basi nitakaa huku nikisali ile sala yako fupi. Ulikuwepo barabarani. Nimeijaribu, kumbe inatosha.

Fundi


29 Juni

Fundi wangu,

Leo hakuna karatasi ya pili. Mama amekaa hapa pembeni yangu na nimemsomea zote, tangu Februari. Alilia kidogo, akacheka sana pale pa ndoo, halafu amesema nikuandikie hivi, kwa maneno yake: dawa ile uinywe.

Alikuja. Alishuka kwenye basi akiwa na shati jeupe na mkongojo mmoja, akauacha mlangoni pa kanisa. Alikaa na mimi benchi la nyuma. Mchungaji alipomwita alisimama, akatembea katikati ya watu mpaka mbele, akapanda kama ulivyomfundisha, mzima kwanza, bandia inafuata. Ile fupi ya juu haikumkwaza. Akageuka.

Alisema nilikuwa natembea pembeni ya barabara. Alisema sikuwa nimelewa. Alisema yeye ndiye aliyesinzia, na aliapa uongo kwa kuogopa kazi, na kesho yake anakwenda na mimi kwa polisi kuandika maelezo mapya, hata wakimfunga. Hakulia wala hakuomba huruma. Mzee kiongozi wa baraza aliinamisha kichwa, na mchungaji akavua miwani na hakuirudisha.

Halafu hakushuka.

Watu walidhani ana neno lingine. Wengine walidhani analia. Mimi nilimwona anautazama mguu, anaitazama ngazi, anautazama tena mguu, jasho linamtoka, nikajua. Fundi, hukumfundisha kushuka! Wewe uliyenishusha ngazi za hospitali mpaka nikakutukana, ulimpandisha siku nne ukipiga makofi, na kila mara ukamteremsha kwa mkono wako ili apande tena. Ulitaka sana afike juu.

Hakuna mwingine kanisani aliyeelewa. Ingekuwaje waelewe, wote wana miguu yao. Basi niliinuka kwenye benchi langu la nyuma nikapita katikati, watu wakigeuka, na sikumbuki kama niliogopa. Zile ngazi ambazo sikuzigusa hata siku ya kuzipima, nilizipanda. Nilisimama kando yake, nikamshika kiwiko, nikamwambia sikioni, "Kushuka ni kinyume. Anza na mguu wa Fundi."

Tukaanza pamoja, mguu wako kwangu na mguu wako kwake. Kanisa zima lilisikia miguu miwili ya bandia ikigonga ubao, halafu miwili ya nyama ikifuata, na chini alikuwa amesimama mzee kiongozi ametunyooshea mikono yote miwili.

Miaka yote hii nilimngoja Mungu amlete mtu apande kusema kweli. Sikuwaza kwamba mtu huyo angekwama huko juu, na kwamba kwenda kumshusha ndiyo ingekuwa njia yangu ya kurudi mbele. Kwa hiyo usijilaumu kwa kusahau. Wateja wengine lakini wafundishe.

Tulipofika chini, sikurudi nyuma. Nilikaa hapo hapo.

Kaka yako,
Mguu Mmoja na Nusu